Jeti ya R Aquarii huwashwa nyota zake zinapokaribiana tu, na spektra (mwanga wake ukitawanywa kwa rangi) zinathibitisha. Anayepinga aje na hoja

#1 Mkaguzi wa Anga
Wakuu, salaam.

Kwenye kundinyota la Ndoo kuna R Aquarii, mfumo wa nyota mbili. Moja ni jitu jekundu linalovimba na kusinyaa kwa kipindi cha siku 387 hivi. Nyingine ni kibete cheupe, yaani kiini kidogo kizito cha nyota iliyokufa, kinachozungukana nalo na kulinyonya gesi. Kutoka hapo katikati inachomoka jeti, yaani mchirizi wa gesi unaotupwa kwa kasi, mkono mmoja kaskazini-mashariki, mwingine kusini-magharibi. Mzunguko mzima unachukua miaka kama 44.

Hoja yangu ni kwamba jeti hii haitoki muda wote. Njia ya kibete si duara kamili, kwa hiyo kuna wakati kinapita karibu zaidi na jitu. Hapo ndipo kinapokea gesi nyingi kwa mkupuo, diski ya gesi inayokizunguka inafurika na jeti inawaka. Baada ya hapo inafifia hadi zamu nyingine. Mchirizi wa kaskazini-mashariki ulianza kuripotiwa kuanzia 1977, na mkaribiano wa zamu ile ulikuwa miaka hiyohiyo. Mkaribiano uliofuata umeangukia karibu na 2020. Sioni jinsi hii inavyoweza kuwa bahati nasibu.

Karibuni.

#2 Kisimani
Nimekaa mkeka wa mbele, ngoja wajuzi waje.

#3 Fundi Darubini
Uzi mzuri sana mkuu. Kwa wanaotaka kuiona kwanza kabla ya kubishana: mwisho wa Oktoba, saa tatu usiku na kidogo, R Aquarii iko karibu na utosi kwa sisi wa Dar, imeegemea kusini kidogo. Tafuta Fomalhaut na Diphda, halafu panda juu yao kuelekea kaskazini. Nyota ya kuongozea ni omega-2 ya Ndoo, inaonekana kwa macho palipo na giza. R iko chini ya nyuzi moja kusini yake.

Ikiwa kwenye kilele utaipata kwa darubini ndogo ya macho mawili, nyekundu kabisa, huwezi kuichanganya na jirani zake. Ikishuka hadi ukubwa wa 11 au 12 (namba ikipanda mwanga unapungua) utahitaji darubini ya maana. Jeti yenyewe msitegemee kuiona kwa jicho. Nimejaribu kwa kioo cha inchi nane na sikuona kitu zaidi ya nukta.

#4 Mwalimu wa Eldoret
Mkaguzi, hapo kwa "spektra zinathibitisha" ndipo tunapoachana.

Mwanga wa R Aquarii ukitawanywa, unapata spektra tatu zilizolaliana. Kuna ya jitu, yenye mabonde mapana meusi ya oksidi ya titani, alama ya nyota baridi yenye joto la nyuzi 3000 hivi. Juu yake kuna mistari angavu: haidrojeni alfa kwenye nanometa 656.3, oksijeni iliyonyang'anywa elektroni mbili kwenye 495.9 na 500.7, naitrojeni kwenye 658.4, salfa kwenye 671.6 na 673.1. Oksijeni ya namna ile haiwezi kutengenezwa na mwanga wa jitu baridi, lazima kuwe na kitu cha moto sana karibu. Halafu kuna mwanga wa buluu na urujuanimno wa kibete na diski yake.

Sasa hiyo mistari inatuambia nini? Kusogea kwake kunatupa kasi ya gesi kuja kwetu au kwenda mbali. Uwiano wa ile miwili ya salfa unatupa msongamano. Oksijeni ya 436.3 ikilinganishwa na ya 500.7 inatupa joto. Hakuna mstari hata mmoja unaokuambia gesi iliondoka *lini*. Tarehe inapatikana kwa picha za miaka mbalimbali, kwa kupima madonge ya gesi yamehama kiasi gani angani.

Jambo jingine, jeti hii imelala karibu sambamba na uso wa anga, mhimili wake umeinama nyuzi 70 hivi kutoka kwenye mstari wetu wa kuona. Gesi yenye kasi ya kilomita 300 kwa sekunde itatuonyesha 100 hivi tu. Kwenye haidrojeni alfa huo ni msogeo wa nanometa 0.2. Ndiyo maana watu wamebishana hata kuhusu mkono gani unakuja kwetu na upi unatukimbia.

#5 Mkaguzi wa Anga
Mwalimu, nakubali spektra pekee haitoi tarehe, lakini usiidharau. Paul Merrill pale Mount Wilson, mwaka 1919, ndiye aliyekuta mistari ya nebula ndani ya spektra ya nyota ambayo watu walidhani ni badilifu la kawaida. Karl Ludwig Harding alikuwa ameshaigundua kuwa inabadilika zaidi ya miaka 100 kabla yake. Muda wote huo hakuna aliyejua kuna nyota ya pili mle ndani. Mistari ndiyo iliyotoa siri.

Mistari hiyo nayo haikai na nguvu ileile. Hupanda na kushuka kwa miongo. Kama injini ingekuwa inafanya kazi kwa kasi moja, kwa nini ibadilike?

#6 Mtoto wa Ilala
Samahani wakuu, mimi nyota yangu ni Ndoo. Hii jeti inanihusu vipi kwenye mambo ya kazi na ndoa?

#7 Kisimani
@Mtoto wa Ilala kibete cheupe kinamnyonya jitu miaka na miaka. Chunga mwenza wako tu 😂

#8 Bint Makame
Tumerudi kwenye mada jamani.

Mkaguzi, kuna kitu umekiruka, nacho ni giza. R Aquarii ilipoteza mwanga wake wa kawaida kati ya 1928 na 1934, na tena kati ya 1974 na 1980. Vilele vyake katika miaka hiyo vilikuwa hafifu mno. Mwaka 1981 Lee Anne Willson, Peter Garnavich na Janet Mattei walieleza kwamba ni kupatwa: kibete pamoja na diski kubwa ya gesi na vumbi kinapita mbele ya jitu na kulifunika. Mzunguko waliouweka ulikuwa wa miaka 44, na kwa hesabu hiyo giza lingine lilitarajiwa kuanzia 2018 hivi. Na kweli nyota ilififia kama walivyosema.

Sasa tazama tarehe zako. Jeti "ilijitokeza" 1977, katikati ya giza. Nyota angavu ikifunikwa, vitu hafifu vilivyo pembeni yake ndiyo vinaonekana vizuri! Pengine jeti haikuwashwa 1977. Pengine ilikuwepo, ila mng'ao wa jitu ulikuwa unaimeza kwenye picha.

Halafu madonge yenyewe, ukiyarudisha nyuma kwa kasi yake, baadhi yanakupeleka miongo mingi kabla ya 1977. Hayo yaliwashwa na mkaribiano upi?

#9 Fundi Darubini
Dada umeupiga msumari. Hiyo ya #8 sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

#10 Nahodha wa Muscat
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi naona nyote mmeng'ang'ania mzunguko wakati dada zake R Aquarii wanaonyesha njia nyingine.

CH Cygni, kwenye kundinyota la Dajaja (Cygnus), ni nyota ya aina hiihii. Mwaka 1984 mwanga wake ulianguka ghafla, na muda mfupi baadaye antena za redio za VLA kule New Mexico, Marekani, zikaona jeti yenye mikono miwili imetoka. Walioandika habari hiyo 1986 ni Taylor, Seaquist na yuleyule Mattei aliyetajwa na Bint Makame. Tafsiri iliyokuja kukubalika na wengi ni kwamba sehemu ya ndani ya diski ilivurugika, na gesi iliyokuwa ianguke kwenye kibete ikatupwa nje. Ushahidi wa hilo uko kwenye mpepesuko: diski ikiwa hai, mwanga wa buluu unapepesuka dakika kwa dakika. Diski ikivurugika, mpepesuko wa haraka unapotea.

Kwa hiyo jeti ni habari ya diski na sumaku iliyomo ndani yake. Diski inaweza kuvurugika wakati wowote, haihitaji kusubiri miaka 44.

#11 Mkaguzi wa Anga
Nahodha, na nini kinavuruga diski? Si kulishwa kupita kiasi? Tumerudi kwangu.

#12 Nahodha wa Muscat
Hapana sheikh. Inaweza kujaa polepole kisha ikakosa utulivu yenyewe, bila nyota ya pili kusogea hata hatua moja. Mambo hayo yanatokea kwenye mifumo mingi midogo ambayo njia zake ni duara kabisa.

#13 Fundi Darubini
Kama ni spektra ya jeti mnataka, twendeni MWC 560, ile inayoitwa pia V694 Monocerotis. Jeti yake imetuelekea uso kwa uso, kwa hiyo gesi inayokuja inazuia mwanga wa nyuma yake na kuacha shimo upande wa buluu wa kila mstari wa haidrojeni. Mwaka 1990 Toma Tomov na wenzake walipima kasi hadi kilomita 6000 kwa sekunde. Piga hesabu: msogeo wa nanometa 13 kwenye haidrojeni alfa. Linganisheni na ile 0.2 ya Mwalimu kwenye #4.

Iko juu Februari, karibu na Orion. Ukubwa wake ni 9 au 10.

#14 Mwalimu wa Eldoret
Fundi, 6000 ilikuwa ni kilele cha mlipuko wa 1990. Miaka mingi mingine mashimo yake yamekaa kwenye kilomita 1000 hadi 2000. Na mwaka 2018 mpepesuko wake ulizimika, kwa hiyo atakayeielekezea chombo asidhani atakuta ya 1990.

Ila mfano wako unanipa nguvu. Mtazame MWC 560 mbele na R Aquarii ubavuni: spektra zao hazifanani kabisa, na huenda injini ni ileile. Pembe ya kutazamia inabadilisha kila kitu. Ndiyo maana naogopa mtu anaposoma mstari mmoja akatangaza sababu.

#15 Mzee wa Kilwa
Wanangu, mimi nasimama na mlipuko wa zamani. Mmesahau kwamba jeti iko ndani ya nebula kubwa yenye umbo la saa ya mchanga. Carl Lampland aliipiga picha nebula hiyo mapema katika miaka ya 1920. Baadaye Walter Baade alipima inavyopanuka akapata umri wa miaka 600 hivi. Hiyo ni nova. Gesi iliyojilimbikiza juu ya kibete iliwaka kwa nyuklia ikalipuka yote. Wapo watafiti waliokwenda mbali zaidi, wakasema nyota mgeni iliyoandikwa na wanajimu wa Korea mwaka 1073 na 1074 ilikuwa hii hii R Aquarii. Jeti mnayogombania ni mabaki ya mlipuko mwingine mdogo.

#16 Bint Makame
Shikamoo mzee. Hesabu ya Korea inanisumbua. Solf na Ulrich mwaka 1985 walipima kasi za nebula kwa spektra, sehemu kwa sehemu. Nebula ya nje ilitoka na miaka 640, ya ndani 185. Ya nje inakupeleka katikati ya karne ya 14, ya ndani mwisho wa karne ya 18 au hapo karibu. Mwaka 1073 hauko popote, labda useme gesi ilikuwa na kasi zaidi zamani ikapunguzwa na vitu ilivyogonga. Lakini hapo matokeo yanakuwa kinyume: kama ilipunguza kasi, umri wa kweli ni *mdogo* kuliko 640.

Nebula na iwe nova, sina ugomvi. Jeti nyembamba yenye mikono miwili inayoendelea kuzaa madonge mapya siyo.

#17 Mzee wa Kilwa
Marahaba binti. Nova mbili zimekubaliwa kwa mkupuo mmoja, mimi nimeridhika kwa leo.

#18 Kijana wa Iringa
Habari za humu. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Nimekuwa nikisoma tangu bandiko la kwanza. Swali: shule yenye darubini ndogo inaweza kufanya spektra yoyote ya hii nyota, au ni mambo ya wenye mamilioni?

#19 Mwalimu wa Eldoret
@Kijana wa Iringa inawezekana kabisa. Tafuta Star Analyser 100, ni kioo kidogo chenye mistari 100 kwa kila milimita, kinafungwa mbele ya kamera kama kichujio. Uwezo wake wa kutenganisha ni kama 100, maana yake hutambui kasi iliyo chini ya kilomita 3000 kwa sekunde. Kasi ya jeti ya R Aquarii sahau. Lakini mabonde ya oksidi ya titani yatatoka wazi, na haidrojeni alfa ikiwa na nguvu utaiona imesimama. Wanafunzi wangu walipoona mabonde yale kwa mara ya kwanza walikataa kuamini kwamba ni kemia ya kitu kilicho mbali hivyo. Tulirudia nyota ya pembeni, nyeupe, mabonde hayapo. Hapo wakaelewa.

Ukitaka kwenda juu, kuna vyombo vyenye mpasuo mwembamba wa kupitishia mwanga kama Alpy 600, hiyo inakupa kilomita 500 kwa sekunde. Lhires III inashuka hadi chini ya 20, ila inataka darubini nzito na usiku mrefu. Kundi la ARAS la Ufaransa lina watu wasio na ajira ya unajimu kabisa wanaopima nyota hizi, na wataalamu wanatumia data zao kwenye makala.

#20 Kijana wa Iringa
Asante sana mwalimu. Naanza na hiyo ya 100.

#21 Mchuuzi wa Usiku
Na ile T Coronae Borealis inayosubiriwa kulipuka nayo si ni ya ukoo huu? 1866, 1946... mbona hiyo hamuiongelei?

#22 Nahodha wa Muscat
Ni ya ukoo huu ndiyo, jitu jekundu na kibete cheupe, ila kibete chake ni kizito zaidi na hulipuka kila baada ya miaka 80 hivi. Ifungulie uzi wake ndugu, hapa tutapotea.

#23 Fundi Darubini
Kuna kitu hakijaguswa: umbali. Kasi zote za madonge angani zinategemea umbali. Wajapani wa mradi wa darubini za redio wa VERA walipima mawimbi ya maikro ya silikoni-monoksidi yanayotoka karibu na jitu, wakatoa mwaka 2014 miaka ya nuru kama 710. Setilaiti ya Gaia inasema zaidi ya 1000. Hiyo si tofauti ndogo, inapandisha kila kasi kwa zaidi ya theluthi.

#24 Mwalimu wa Eldoret
Gaia inapata shida na majitu ya namna hii. Uso wa jitu ni mkubwa kuliko pembe inayopimwa, una mabaka yanayohama, na hapa kuna nyota ya pili inayolivuta. Mimi naamini VERA.

#25 Bint Makame
Tupime kwa njia nyingine. Hans Martin Schmid na wenzake, kwa kamera ya SPHERE ya darubini ya VLT kule Paranal, Chile, waliwatenganisha hawa wawili kwa mwanga wa haidrojeni alfa. Walipata pengo la milisekunde 45 za pembe (sekunde moja ya pembe ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja). Kwa umbali wa VERA hiyo ni kama mara 10 ya umbali wa dunia na jua. Kwa miaka ya nuru 1040 ni mara 14 na zaidi. Sasa chukua kanuni ya Kepler: miaka 44 na uzito wa jumla wa majua mawili unatoa wastani wa mara 15 au 16. Kama wakati ule walikuwa wanakaribiana, na njia imeinama, zote mbili zinaingia. Kwa hiyo haitusaidii kuamua!

Huyo Schmid ndiye yuleyule aliyefumbua mwaka 1989 mstari mpana wa nanometa 682.5 ambao ulikuwa fumbo kwenye nyota hizi kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba ni mwanga wa urujuanimno wa oksijeni, unaogonga haidrojeni baridi ya jitu na kutoka ukiwa mwekundu. Mimi napenda sana kazi hiyo. Unasoma mstari upande mwekundu kumbe unatazama moto wa kibete.

#26 Mkaguzi wa Anga
Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, nayo isisahaulike. Iliona jeti kwa eksirei kuanzia 2000, na ndani ya miaka michache donge la kaskazini-mashariki lilikuwa limehama kwa kasi ya kilomita 600 hivi kwa sekunde, huku la kusini-magharibi likififia. Eksirei maana yake gesi inagongana na gesi, siyo kumulikwa na kibete tu. Kitu chenye nguvu kilitupwa kwa awamu.

#27 Kisimani
Na mbona picha ya Hubble jeti imepinda kama herufi S? Kama inatupwa moja kwa moja si ingenyooka?

#28 Nahodha wa Muscat
Swali zuri. Wengine wanasema diski inayumba kama pia inayokaribia kuchoka, mhimili unachora duara na kila donge linatoka kwa uelekeo wake. Wengine wanasema ni upepo wa jitu unaoisukuma pembeni. Mimi niko kwa wa kwanza, maana mkunjo uko pande zote mbili kwa kinyume.

#29 Mwalimu wa Eldoret
Au ni vipande vya gesi ya zamani vinavyomulikwa kwa zamu na boriti ya mwanga, na kinachoonekana kuhama ni mwanga, siyo gesi. Ndiyo maana ya kupima kasi kwa mistari kila donge kivyake. Picha mbili tupu zinaweza kukudanganya.

#30 Mkaguzi wa Anga
Basi tuweke mtego. Mkaribiano umepita karibu na 2020. Donge lenye kilomita 600 kwa sekunde linakwenda zaidi ya mara 120 ya umbali wa dunia na jua kwa mwaka mmoja. Kwa umbali wa VERA hiyo ni zaidi ya nusu sekunde ya pembe kila mwaka. Ndani ya miaka kumi liko sekunde tano au sita kutoka kwenye nyota, darubini za ardhini zinalitenganisha. Madonge mapya yakionekana yote yakirudi nyuma hadi 2020, nimeshinda. Yakitawanyika tarehe ovyo, Bint Makame ameshinda.

#31 Bint Makame
Nimeukubali mtego, kwa sharti moja. Umetumia 710. Ukitumia Gaia, donge lilelile linapungua hadi sekunde 0.4 hivi kwa mwaka, na tarehe yako inahama. Lazima kasi ya mstari na pembe vipimwe pamoja.

#32 Fundi Darubini
SALT, ile darubini kubwa ya Afrika Kusini pale Sutherland, inaifikia bila shida na ina spektrografu ya kutosha kwa kazi hiyo. Mwenye mtu anayefanya shahada Afrika Kusini ampe hili wazo.

#33 Mzee wa Kilwa
Na nova ikitokea kabla ya hapo?

#34 Mkaguzi wa Anga
Mzee, ikitokea utachukua uzi mzima. Mwalimu, ukipata spektra ya Oktoba ibandike hapa na nguvu za mistari ya oksijeni na salfa, nazilinganisha na za ARAS za 2018.

#35 Mwalimu wa Eldoret
Nitabandika. Ila ya salfa nitaihitaji Lhires, na iko kwa rafiki Nakuru mpaka mwisho wa mwezi.